Mota na Pampu Ndani ya Gamba Moja



Mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika kiwanda cha plastiki hapa Kigali alikuja kwenye mkutano wa tawi na swali. Mwajiri wake ameleta mashine mpya ya kukandamiza, naye ameizunguka mara mbili akiitafuta mota asiione. "Tangi la mafuta nimeliona," alisema, "na mabomba nimeyaona. Lakini mota iko wapi? Na kwa nini mashine haingurumi?" Wenzake walicheka. Hata hivyo hakuna aliyemjibu, na mimi mwenyewe sikumjibu mpaka nilipopata ruhusa ya kwenda kuitazama mashine hiyo kifuniko kikiwa wazi. Swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu jibu lake linahusu umeme wa kiwanda, ajira ya fundi na vidole vya mtu anayesimama mbele ya mashine.

Tuanze na jambo lenyewe. Mashine za haidroliki zinafanya kazi kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa. Mafuta hayabanwi kama hewa. Ukiyasukuma upande mmoja wa bomba yanasukuma upande wa pili, na presha inafika kila mahali sawasawa. Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na Mwingereza Joseph Bramah akalitumia kutengeneza mashine ya kukandamiza aliyoipatia hataza mwaka 1795. Hesabu yake si ngumu. Chukua silinda yenye pistoni ya upana wa sentimita 10. Ukiipelekea mafuta kwa presha ya bar 100, pistoni hiyo inasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 8 hivi. Ndiyo maana mashine ndogo kama kabati inaweza kupinda bamba la chuma.

Mafuta hayajisukumi yenyewe. Yanasukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na mota ya umeme. Katika mashine tulizozoea, hivi ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa juu ya kitako kimoja cha chuma. Mota iko upande huu na feni yake nyuma, pampu iko upande ule, na katikati kuna kaplingi, yaani kiungo cha vipande viwili vya chuma chenye mpira katikati, ambacho kinashika shafti ya mota na shafti ya pampu zizunguke pamoja. Kila fundi anaijua kaplingi, na wengi wanaijua kwa uchungu. Shafti mbili zikipishana hata kidogo, mpira unaliwa, beringi zinapata moto, na sili ya pampu inaanza kuvuja. Mafuta yanadondoka sakafuni, vumbi linashika, na mtu anateleza. Halafu kapita anauliza nani amemwaga mafuta.

Wahandisi walijiuliza: kama vitu hivi viwili vinazunguka pamoja maisha yao yote, kwa nini visiwe kitu kimoja? Wazo lenyewe si geni. Wale wanaoteka maji ya visima virefu wanaijua pampu inayozamishwa, ambayo mota na pampu ni chombo kimoja chembamba kinachoteremshwa ndani ya bomba la kisima. Katika visima vya mafuta ya petroli jambo hilo lilianza mapema. Armais Arutunoff, mhandisi aliyezaliwa Tiflis katika nchi ambayo leo ni Georgia, alihamia Marekani na kuuza pampu za umeme za kuzamishwa katika miaka ya 1920. Lifti nyingi za haidroliki katika majengo ya ghorofa chache zimejengwa hivyo pia: mota na pampu vimelala ndani ya tangi, vimefunikwa na mafuta, na anayepanda lifti hasikii kitu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Kiwanda cha Volkswagen cha kuunganisha magari kilifunguliwa hapa Kigali mwezi Juni 2018. Gari la kisasa lina kifaa cha kuzuia magurudumu yasikwame breki inapokanyagwa kwa nguvu, ambacho kampuni ya Bosch ilianza kukitoa kwa wingi mwaka 1978. Kifaa hicho ni bonge dogo la aluminiamu linaloweza kubebwa kwa mkono mmoja. Ndani yake mna vali, mna pistoni ndogo za pampu, na ubavuni imebanwa mota ya umeme inayozisukuma pistoni hizo. Hakuna kaplingi wala kitako. Dereva akikanyaga breki kwenye utelezi na kusikia mguu unatetemeka, anachosikia ni vali na pampu hiyo zikifanya kazi.

Mashine ya kiwandani inahitaji nguvu kubwa zaidi ya hiyo, lakini mpango ni ule ule. Baadhi ya watengenezaji hufanya kwa njia rahisi: wanatoboa shafti ya mota katikati, na shafti ya pampu inaingia ndani yake kama mkono ndani ya shati, kisha vitu vyote viwili vinafungwa kwa boliti. Hapo mota bado ina feni yake na bado inaonekana. Wengine wanazamisha vyote ndani ya tangi kama katika lifti. Njia ya tatu ndiyo aliyoikuta mwenzetu. Gamba ni moja. Pampu imewekwa kichwani pa mota, inazunguka kwa shafti ile ile, na mafuta yanayoelekea kwenye pampu au yanayorudi kutoka humo yanapitishwa kwanza kuzunguka koili za mota. Mafuta yanachukua joto la mota, kwa hiyo feni haihitajiki. Kwa kuwa ndani yote kuna mafuta, shafti haitokezi nje mahali popote. Pasipotokea shafti, hapana sili ya kuvuja.

Hapo ndipo kelele nazo zinapungua. Watu wengi wanadhani kelele ya mashine ya haidroliki inatoka kwenye pampu peke yake. Sehemu yake inatoka kwenye feni ya mota, na sehemu nyingine kwenye kitako kinachotetemeka kama ngoma. Ukiondoa feni, ukafupisha shafti, ukaifunika pampu kwa mafuta, kinachobaki ni mvumo mdogo. Mtu aliyekaa miaka 20 karibu na mashine ya zamani na sasa anawaambia wajukuu zake waseme kwa sauti kubwa anajua thamani ya jambo hili. Nchi nyingi zinahesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndiyo kiasi ambacho mwajiri lazima achukue hatua kukilinda kisikio cha mfanyakazi.

Lakini mwajiri hakununua mashine hiyo kwa ajili ya masikio yetu, na si vibaya kusema hivyo. Aliinunua kwa ajili ya nafasi na umeme. Fundi ana hesabu anayoitumia: zidisha presha kwa bar na lita za mafuta kwa dakika, kisha gawanya kwa 600, utapata kilowati. Pampu inayotoa lita 30 kwa dakika kwa presha ya bar 100 inatumia kilowati 5, bila kuhesabu zinazopotea njiani. Sasa fikiri mashine ya zamani iliyokwisha bana plastiki na inangoja ipoe. Silinda haisogei, lakini katika mashine nyingi za kale mota inaendelea kuzunguka vile vile, na mafuta yote yanafunguliwa njia na vali ya usalama yarudi tangini. Zile kilowati 5 zote zinageuka joto. Ni sawa na kuweka majiko matano ya umeme ya kilowati moja chini ya tangi na kuyaacha yawake. Kisha kiwanda kinanunua kipozea mafuta ili kuondoa joto ambalo kimelilipia.

Chombo kipya kwa kawaida kinakuja pamoja na inveta, yaani kisanduku cha elektroniki kinachoamua mota izunguke kwa kasi gani. Mashine ikihitaji mafuta mengi, mota inakimbia. Ikihitaji kushikilia tu, mota inazunguka polepole, kiasi cha kufidia kinachovuja ndani. Isipohitaji kitu, inasimama kabisa. Mafuta hayapati moto sana, kwa hiyo tangi linakuwa dogo, na mashine nzima inaingia mahali ambapo zamani palikaa mota na pampu peke yake.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika mashine ya zamani, ngurumo ilikuwa mlinzi. Hakuna aliyeipanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mashine ikinguruma, kila mtu alijua ni hai na akauweka mkono mbali. Ikinyamaza, imezimwa. Mashine hii mpya inaweza kunyamaza kabisa huku ina umeme, ina presha, na inangoja ishara moja tu ili iondoke.

Niliona kwa macho yangu katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Mashine ilinyamaza katikati ya kazi. Kijana mmoja akaona kipande kimekwama, akanyosha mkono kukitoa. Alipokigusa, kipande kikasogea na kubonyeza swichi ndogo iliyokuwa inangoja kibonyezwe. Mota ikaamka bila hata kukohoa, na bamba likashuka. Alipoteza ncha ya kidole kimoja. Katika maelezo ya ajali msimamizi aliandika kwamba mfanyakazi aliingiza mkono ndani ya mashine inayofanya kazi. Kijana akasema mashine haikuwa inafanya kazi. Wote wawili walisema walichokiona, kila mmoja kwa upande wake. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza kijana yule siku ya kwanza kwamba ukimya wa mashine ile hauna maana yoyote.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya mkono wowote kuingia, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha kusimamisha. Swichi hiyo ifungwe kwa kufuli la mtu anayeingia mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Wakiingia watatu, yawekwe makufuli matatu. Mtu asikubali kuambiwa "ingia tu, mimi nasimama hapa kwenye swichi," kwa maana anayesimama huitwa, huenda chooni, hugeuka kuzungumza. Umeme ukishakatwa, bado kuna mambo mawili. Inveta ina vifaa ndani vinavyohifadhi umeme kwa dakika kadhaa. Muda wa kungoja umeandikwa kwenye kifuniko chake, na ni wajibu kuusoma na kuungoja wote kabla ya kufungua. Na presha ya mafuta nayo haiondoki kwa sababu umeme umeondoka. Mzigo ulioinuliwa ushushwe chini au uwekewe kizuizi cha chuma, vali ya kutoa presha ifunguliwe, na geji isomwe mpaka sindano ifike sifuri.

Wenzetu wa miwa wana sababu ya kulisikiliza jambo hili zaidi. Miwa ya bonde la Nyabarongo inasagwa Kabuye, na wanaofanya kazi za sukari wanajua kinu ni nini. Katika vinu vya miwa, kwa kawaida rola ya juu inakandamizwa na silinda za haidroliki zilizounganishwa na mitungi ya kuhifadhi presha. Nusu ya mtungi ni mafuta na nusu ni gesi ya naitrojeni iliyobanwa. Pampu inaweza kuwa imezimwa tangu asubuhi, na mtungi bado umebeba nguvu yote. Mitungi kama hiyo, midogo zaidi, inafungwa pia kwenye mashine zenye mota na pampu za gamba moja, ili mota ipate kupumzika. Gesi ya kuijazia ni naitrojeni tu. Mtu akileta mtungi wa oksijeni wa kuchomelea kwa kuwa ndio uliopo, azuiwe hata kama ni mkubwa wa kazi, maana oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha inalipuka.

Neno moja kuhusu kuvuja. Tumesema sili ya shafti haipo tena, lakini mipira na viungo vya mabomba vipo. Tundu dogo kama la sindano kwenye mpira wenye presha linatoa uzi wa mafuta usioonekana, nao unapenya ngozi. Usitafute kuvuja kwa kiganja. Pitisha kipande cha boksi la karatasi. Mtu akichomwa, kidonda kitaonekana kidogo kama cha mwiba na pengine hakiumi sana saa ile, lakini apelekwe hospitali mara moja na aseme wazi kwamba ni mafuta ya presha, kwa kuwa anahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Watu wamekatwa mikono kwa sababu walingoja mpaka kesho.

Sasa kuhusu mafuta yenyewe. Katika mashine ya zamani mafuta machafu yaliua pampu, na mota ikabaki nzima. Hapa mafuta yanapita kwenye koili za mota. Maji yakiingia, hayaharibu pampu peke yake, yanaharibu ngozi ya waya pia, na mota inaungua. Maji huingiaje? Mara nyingi ni mpira wa kuoshea sakafu. Katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, ni pipa la mafuta lililosimamishwa nje chini ya mvua, maji yakakaa juu ya kifuniko na kunyonywa ndani pipa lilipopoa usiku. Pipa lilazwe, tena chini ya paa. Mafuta yenye sura ya maziwa yasitumiwe hata kama bwana meneja anasema yamegharimu fedha nyingi. Aina ya mafuta iwe ile iliyoandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa hapa mafuta ndiyo damu ya pampu na ndiyo feni ya mota.

Mafundi wa zamani watapata taabu ya namna nyingine. Mzee aliyezoea pampu anatambua ugonjwa kwa sikio. Pampu inayonyonya hewa inalia kama kokoto ndani ya kopo. Beringi iliyochoka inalia kama jino bovu. Ndani ya gamba lililojaa mafuta sauti hizo zinafunikwa. Inabidi kusoma geji, kushika joto la mafuta, kutazama filta na kuandika daftari. Mafuta yakipita nyuzi 60 na zaidi, au filta ikiziba mapema kuliko kawaida, huo ndio mlio wa siku hizi. Hili si jambo la kumdharau mzee; mtu aliyejua kusikiliza anajifunza kusoma upesi kuliko kijana asiyejua pampu inaumwaje. Lakini lazima afundishwe, na afundishwe katika saa za kazi.

Hapa pana suala la ajira, na tusilifiche. Mota ya zamani ikiungua, ilifunguliwa boliti nne na kupelekwa mjini kwa fundi wa kusuka koili, na baada ya siku chache ikarudi. Pampu ikifa, ilibadilishwa peke yake. Gamba moja likiharibika, mara nyingi linaondolewa zima na kuagizwa jingine. Kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Kigali ni zaidi ya kilometa 1,400 kwa lori, na kabla ya hapo kuna safari ya meli. Mashine italala majuma mangapi? Na watu wake watalipwa na nani? Mwajiri aliyehesabu faida ya umeme siku ya kununua ahesabu pia siku ya kuharibika. Kiwanda chenye mashine nne za namna hii kinapaswa kuweka chombo kimoja cha akiba stoo, na jambo hilo linaweza kuandikwa katika mkataba wa pamoja sawa na nguo za kazi zinavyoandikwa.

Sheria hazitupingi. Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30/08/2018 inayosimamia kazi katika Rwanda inamtwika mwajiri jukumu la afya na usalama mahali pa kazi. Mkutano wa Shirika la Kazi Duniani wa mwezi Juni 2022 uliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi, pamoja na uhuru wa kuunda vyama. Na mchango wa ajali za kazini unaopelekwa RSSB, ambao ni asilimia 2 ya mshahara, unalipwa na mwajiri peke yake. Kwa hiyo ajali inapotokea isifichwe kwa makubaliano ya pembeni na fedha za dawa. Iandikwe, na mwenzenu asaidiwe kuandika kwa maneno yake mwenyewe, aseme pia kama mashine ilikuwa inasikika au imenyamaza.

Narudi kwa mwenzetu wa kiwanda cha plastiki. Tulipofungua kifuniko alikiona chombo chenyewe: silinda ya chuma isiyo na mapezi wala feni, yenye kebo nene upande mmoja na bomba mbili upande mwingine, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko. Aligusa, akakuta vuguvugu. Akauliza kama ni hiyo tu. Kamati ya usalama ya kiwanda kile imekwisha kupata makufuli sita na imeomba iwekwe taa nyekundu inayowaka wakati wote mashine ina umeme, hata ikinyamaza. Taa imekubaliwa. Kitabu cha mashine kimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza, kiko ndani ya kabati la ofisi, na kamati inadai kurasa za usalama na za mafuta zitafsiriwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili na kubandikwa ukutani kabla ya mashine ya pili kufungwa. Jambo hilo litajadiliwa tena na mwajiri katika kikao kijacho.